Kutoka Ngui Hadi Santuri: Watunzi wa Ukambani na Namna ya Kuwaenzi

Watu wa Kitui na Makueni hawawakumbuki watunzi wao wakiwa wameketi. Katika miji ya Ulaya na Marekani imekuwa ada kuandaa tamasha la kuwaenzi watunzi mashuhuri wa zama zilizopita, akina Bob Dylan na Leonard Cohen, ambamo waimbaji wa leo hupokezana tungo za wakubwa wao mbele ya hadhira iliyotulia vitini kana kwamba iko ibadani. Lakini bendi inapopanda jukwaani katika mji wa Wote au Mwingi na kuupiga wimbo wa marehemu Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, atakayebaki kitini ni mgonjwa au mdeni anayejificha. Wala si ukosefu wa taadhima. Ada hii ina asili yake, na asili hiyo ni kongwe kuliko gitaa.

Kabla ya gitaa kulikuwa na ngui. Ndivyo Wakamba walivyomwita yule aliyeongoza ngoma kwa sauti yake, akatunga papo hapo, akawasifu waliostahili na kuwaumbua wavivu, wachoyo na wenye kiburi mbele ya kadamnasi, nao wachezaji wakampokea kwa kiitikio huku nyayo zao zikitikisa ardhi. Gerhard Lindblom, mwanachuoni wa Kiswidi aliyekaa Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliziandika habari za ngoma na nyimbo hizo katika kitabu chake kikubwa kilichochapishwa Uppsala mwaka 1920, na msomaji wa pwani akizipitia kurasa zile atamtambua ngui mara moja kuwa jamaa wa malenga, ila malenga aweza kutunga peke yake barazani, ilhali ngui asiye na wachezaji hakuwa na kazi.

Gitaa lilikuja baadaye, kwa njia nyingi. Reli iliyotoka Mombasa ilikuwa imekwisha kukata nchi ya Makueni tangu mwishoni mwa karne ya 19, ikaacha nyuma yake stesheni za Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, na ile ya Sultan Hamud, ambayo hata leo inalibeba jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed wa Unguja katikati ya nyika ya Wakamba. Kitui haikuipata reli hiyo, ikabaki kutegemea barabara. Vijana wakaenda mijini kutafuta kibarua, wengi wakaingia katika jeshi la King's African Rifles, na baada ya vita kwisha mwaka 1945 magitaa na kodiani vilianza kuonekana vijijini mikononi mwa waliorejea.

Hata hivyo mapigo yaliyokuja kuwateka Wakamba hayakutoka kwao. Benga ilizaliwa Nyanza miongoni mwa Wajaluo, ikakomaa katika miaka ya 1960, ikaingia Nairobi, na kutoka katika maduka ya santuri ya River Road na mitaa jirani ikasambaa hadi kwa Wakikuyu na Wakamba, kila kabila likaishona upya kwa kipimo chake. Wakamba waliipunguza uzito: gitaa moja likashika sauti za chini na kuubeba wimbo, la pili likapanda juu kabisa, jembamba na la haraka, likijaza kila upenyo ulioachwa na mwimbaji, mpaka msikilizaji asijue ni wapi gitaa hili linakoma na lile linaanza. Kwa kuwa santuri ya mizunguko 45 ilikuwa na nafasi ndogo, wimbo aghalabu uligawanywa pande mbili, maneno yakitangulia upande wa kwanza, na upande wa pili ukaachiwa magitaa na miguu.

Hapo ndipo ngui alipopata makazi mapya. Katika miaka ya 1970 na 1980 walitamba Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Dickson Mulwa na Ngoleni Brothers, na Onesmus Musyoki na Kalambya Boys. Ilikuwapo pia Lower Mbooni Boys, iliyolitwaa jina la milima ya Mbooni huko Makueni. Kalambya Sisters, waliopigiwa magitaa na Kalambya Boys, waliimba kwa sauti nyembamba za kudeka juu ya Katelina, binti anayependa pombe ya uki na kupata mimba kila mara, na wimbo huo ukavuka bahari hadi Ulaya. Waliousikia huko pengine waliufurahia kwa utamu wa sauti tu. Mkamba aliyeusikia alijua kwamba kuna mtu anaumbuliwa, kama ilivyokuwa katika ngoma za mababu.

Kakai, aliyezaliwa mwaka 1954, alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu liliwazidi wenzake wote: akiwa na Kilimambogo Brothers, aliimba Kikamba na Kiswahili, na kwa Kiswahili chake akapendwa na watu wasiojua neno moja la Kikamba. Alipofariki akiwa bado kijana, wenzake wa bendi waliendelea kupiga. Sioni haja ya kutafuta tamasha la kumbukumbu lililotangulia hilo. Bendi iliyofiwa na kiongozi wake ikasimama na kuzipiga nyimbo zake kwa wale wale waliomchezea ilikuwa ndiyo kumbukumbu yenyewe.

Siku hizi zamu ni ya waimbaji akina Ken wa Maria, na redio za Kikamba kama Musyi FM huwapigia vijana nyimbo zilizotoka kabla ya wao kuzaliwa. Bendi changa huzirudia zilipendwa hizo, huingiza majina ya watu waliopo ukumbini, na waliotajwa husogea na noti mkononi. Ni haki ya bendi hizo kutunzwa. Lakini sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake. Kwa hiyo tungo za Kakai zitakuwa mali ya warithi wake mpaka mwisho wa mwaka 2037, na kila mwenye ukumbi atozaye kiingilio kwa jina lake ana hesabu ya kufanya nao.