Kisima cha Waki na karne ya kutafuta mafuta Ziwa Albert

Utafutaji wa mafuta katika bonde la ufa la Ziwa Albert, magharibi mwa Uganda, ulitimiza karne moja mwaka 2025. Ni 1925 ambapo E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia ya Uganda, alichapisha taarifa kuhusu mafuta yanayochuruzika yenyewe ardhini. Mojawapo ya sehemu hizo ni Kibiro, kijiji cha wanawake watengenezaji chumvi.

Mafuta yakivuja, ni ushahidi kwamba chini kuna mashapo yaliyoiva vya kutosha kuyazalisha. Hayaonyeshi yamenaswa wapi, wala kwa kiasi gani.

Hilo ndilo lililokiponza kisima cha Waki, kilichochimbwa 1938 karibu na Butiaba. Dalili za mafuta zilionekana, lakini kwenye mita 1,237 keekee ikagonga miamba ya msingi na mafuta hayakutiririka. Butiaba iko ukingoni mwa bonde, ambako mashapo ni haba. Chini ya ziwa yana unene wa kilomita kadhaa. Vita vikaja, kazi ikalala. Hata hivyo, kukiita Waki kisima kitupu ni kukidhulumu. Kwa zaidi ya miaka 60 ndicho kisima kirefu pekee kilichowaonyesha wanajiolojia mpangilio wa mashapo ya bonde hilo.

Vipimo vya usumaku kwa ndege vilifanyika 1983. Kampuni ya Petrofina ilipewa bonde zima 1991, ikaondoka 1993 bila kuchimba. Waliobaki na kazi ni wanajiolojia wa Uganda, akiwemo Reuben Kashambuzi, aliyekuja kuandika historia ya utafutaji huo. Heshima ya ugunduzi ni yao kwanza, kabla ya kampuni yoyote.

Kisima cha Turaco kilifuata 2002, na 2006 Mputa kikatoa mafuta yenye faida kibiashara. Leo hazina inakadiriwa kuwa mapipa bilioni 6.5, ambapo takriban bilioni 1.4 yanaweza kuvunwa. Makadirio hayo bado si ya bonde zima: eneo lililofanyiwa utafiti halijafika asilimia 40.