Sura ya Debian na wachoraji wasiolipwa

Debian 11 ilipotoka tarehe 14 Agosti 2021, kitu cha kwanza alichokiona aliyeiweka kwenye kompyuta yake kilikuwa mchoro uitwao Homeworld. Mchoraji wake, Juliette Belin, aliuchota kutoka mtindo wa Bauhaus uliozaliwa Ujerumani karne iliyopita. Michoro 18 ilikuwa imewania nafasi hiyo, na majibu 5,613 yalipokelewa katika kura ya kuichagua. Debian ni mfumo endeshi unaojengwa na watu wa kujitolea, na sura yake hupatikana kwa njia hiyohiyo: wito hutolewa, wachoraji huleta kazi, watu hupiga kura. Utaratibu huo haukuanza na mradi. Ulijengeka kidogokidogo, na historia yake inastahili kusimuliwa, maana wanaoandika programu husifiwa mara nyingi huku wanaozipa sura wakisahaulika.

Ian Murdock alitangaza Debian tarehe 16 Agosti 1993. Wakati huo hapakuwa na programu huria ya maana ya kuchorea picha. Hali ilibadilika pale Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa chuo kikuu huko Berkeley, Marekani, walipotengeneza GIMP. Mwaka 1996 Larry Ewing aliitumia kumchora Tux, pengwini wa Linux, kiini ambacho Debian imejengwa juu yake. Tux hakushinda shindano la nembo ya Linux, lakini Ewing aliwaruhusu watu wamtumie na kumbadilisha ilimradi atajwe yeye na GIMP. Watu walimpokea, na leo hakuna nembo ya Linux inayojulikana kumshinda. Mapema hivyo ilionekana kwamba ruhusa ya mchoraji ina nguvu sawa na uzuri wa mchoro.

Debian ilipata nembo yake, ule mzunguko mwekundu, mwaka 1999. Ilichorwa na Raul Silva na kupitishwa kwa kura. Hata hivyo palikuwa na kasoro. Tangu Julai 1997 mradi ulikuwa na miongozo inayosema programu huria ni ipi: mtu aweze kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza bila kufungwa mikono. Masharti ya nembo yenyewe hayakufikia kipimo hicho. Ilichukua hadi mwaka 2012 nembo kuwekwa chini ya leseni huria kamili. Miaka 13 ni mingi kwa mradi unaojali leseni kuliko karibu mingine yote, na inaonyesha jinsi picha zilivyochelewa kuhesabiwa kuwa sehemu ya kazi.

Kwenye skrini za watumiaji, mambo yalikwenda hatua kwa hatua. Toleo la 4, la mwaka 2007, lilivaa buluu ya mtindo ulioitwa MoreBlue. Toleo la 6, la Februari 2011, lilikuja na SpaceFun ya Valessio Brito kutoka Brazil, na la 7, mwaka 2013, likaja na Joy ya Adrien Aubourg. Mwaka 2015 jina la Juliette Belin lilitokea kwa mara ya kwanza, kwa mchoro wa Lines katika toleo la 8. Akarudi na softWaves katika toleo la 9, Homeworld katika la 11 na Emerald katika la 12. Toleo la 10 lilikwenda kwa Alex Makas na futurePrototype yake, iliyoshinda kati ya michoro 11 kwa majibu 3,646. La 13, lililotoka Agosti 2025, limevaa Ceratopsian ya Elise Couper.

Nyuma ya orodha hiyo kuna waratibu, na kazi yao si ndogo. Mchoro mmoja hautoshi. Unahitajika ukubwa tofauti kwa skrini pana na zisizo pana, kisha sura ya menyu ya kuwashia kompyuta, ya mahali pa kuandika nywila, na ya programu ya usakinishaji. Mchoro unaopendeza kwenye skrini kubwa unaweza kuyameza maandishi ya menyu. Ndiyo maana wito huomba sampuli za sehemu hizo mapema. Huomba pia faili asilia, kwa kawaida la muundo wa SVG, ili atakayekuja kesho aweze kurekebisha rangi au kipimo. Kazi lazima iwe ya mchoraji mwenyewe, na leseni yake iwe huria. Kisha yote hufungwa katika kifurushi cha desktop-base, kinachopaswa kuwa tayari kabla ya kipindi ambacho mabadiliko makubwa huzuiwa. Mchoraji akichelewa, toleo zima haliwezi kumsubiri.

Kura nayo ina hekima yake. Mpiga kura haweki alama kwa mchoro mmoja tu, bali huipanga yote kuanzia anaoupenda zaidi. Kwa njia hiyo michoro miwili inayofanana hainyang'anyani kura na kumpisha mshindi asiyetakiwa na wengi. Na aliyeshindwa hujua ameshindwa kwa haki, jambo la lazima pale ambapo watu hawalipwi na hakuna kinachowazuia kuondoka.

Naamini hili ndilo funzo la historia hii. Uzuri wa Debian haukutokana na kumpata fundi mmoja hodari na kumwachia kila kitu. Ulikuja pale michoro ilipoanza kudaiwa yale yanayodaiwa msimbo: chanzo kiwe wazi, leseni iwe safi, tarehe iheshimiwe, uamuzi ufanywe hadharani. Mchoraji anayewekewa masharti hayo amepewa heshima, kwa sababu kazi yake imekubaliwa kuwa sehemu ya mfumo wenyewe. Toleo la 14, Forky, nalo litahitaji sura. Mbunifu wa Mwanza au Mombasa anayejua kutumia programu ya kuchorea ya Inkscape hahitaji kuandika hata mstari mmoja wa programu ili kazi yake ipigiwe kura.