Michael West na Wanafunzi wa Bengal

Michael West, Mwingereza aliyefundisha walimu mjini Dhaka zamani za utawala wa Uingereza, aliona ya kuwa wanafunzi wengi wa Bengal waliacha shule mapema, na Kiingereza chao cha nusu hakikuwafaa kitu. Katika kitabu chake cha mwaka 1926 alishauri kila hatua ya masomo iwe na faida yake, ili aachaye katikati asirudi kwao mkono mtupu. Basi akatanguliza kusoma, akatunga vitabu vya maneno machache yatumikayo sana, kila neno jipya likirudiwa mara nyingi. Mwaka 1953 akahariri orodha ya maneno 2,000 hivi. Orodha hiyo ilipata sifa. Walakini hoja yake ya kwanza ndiyo nzito zaidi: mafundisho ya lugha hayapimwi kwa wachache wafikao mwisho tu, bali na kwa wengi waishiao njiani.