Faili Imepotea: Ardhi ya Kenya Yaingia Kwenye Tarakilishi

Ukisikia watu wakisifu serikali ya kielektroniki, waulize kwanza: ndani ya hizo faili kuna nini? Kazi yangu ni kuunda programu za hifadhidata, na hapa kwetu sijaona rekodi zenye maumivu kama za ardhi.

Tatizo limeizidi tarakilishi umri. Mkoloni alituachia rundo la sheria za usajili: moja ya 1908 kwa ajili ya Pwani, nyingine ya 1915, nyingine ya 1920, kisha ya 1963. Kila moja na vitabu vyake na namna yake ya kuandika hati. Mwaka 2012 Bunge liliziunganisha, lakini karatasi hazikujiunganisha. Faili nayo ilikuwa moja tu, kwa hiyo aliyeishika ndiye aliyekuwa na nguvu. "Faili haipatikani, rudi wiki ijayo." Mkenya gani hajaisikia hiyo? Mei 2014 Waziri Charity Ngilu alifunga masjala ya Ardhi House, Nairobi, kwa siku kadhaa ili faili zipangwe!

Mwaka huohuo eCitizen ilizinduliwa. Mwaka 2020 sheria ikakubali sahihi za kielektroniki kwenye shughuli za ardhi, na Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta akazindua Ardhisasa, ikianzia Nairobi. Faida ipo. Mfumo uliotengenezwa vizuri huandika nani kafungua rekodi, saa ngapi, na kabadilisha nini. Karani mla hongo hapendi kumbukumbu ya aina hiyo.

Sasa rudi kwenye swali langu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyotolewa 2004, ilikadiria kuwa hati zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Nyingi ya hati za namna hiyo si za kughushi: karatasi ni halisi, muhuri ni halisi, aliyetia sahihi alikuwa ofisini kwake. Skana itajuaje? Itapiga picha safi, na uwanja wa shule utakuwa na mwenyewe mpya, mara hii akiwa na nywila.

Ningekuwa mimi, kila rekodi ingeingia na alama ya "haijathibitishwa" mpaka mpima ardhi afike shambani, majirani waitwe, na mpaka uonyeshwe kwa mguu. Hiyo itachukua miaka, na wanasiasa wanapenda kukata utepe mapema.