Nani Anabisha Hodi? Nywila, Muhuri na Laini ya Dubai

Nywila ya kompyuta ilizaliwa chuoni, na chuoni ndiko ilikovunjwa kwanza. Mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake wa MIT, Marekani, walionyesha mfumo uitwao CTSS, uliowawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa zamu fupi fupi, kila mmoja akijiona anayo peke yake. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mafaili yake na saa zake za kugawiwa, ilibidi kila mmoja awe na neno la siri. Mwaka uliofuata Allan Scherr, mwanafunzi wa udaktari aliyepewa saa nne kwa wiki, aliona hazimtoshi. Akaiagiza mashine imchapishie faili lenye maneno ya siri ya wote, kisha akaenda kulichukua asubuhi ya Jumamosi. Mwizi wa kwanza wa nywila tunayemjua alikuwa mtu anayehangaika kumaliza tasnifu. Wasomaji wengi wa jarida hili watamwonea huruma. Mwaka 1966 mfumo huo huo ulikosea, faili la nywila likachukua mahali pa tangazo la siku, na kila aliyefungua kompyuta akasomewa siri za wenzake.

Udhaifu wa siri ulijulikana basi tangu mwanzo: anayeijua yeyote anageuka kuwa wewe. Wataalamu wakaja na mgawanyo ambao hadi leo haujabadilika. Mtu aweza kuthibitishwa kwa anachokijua, kwa alichonacho mkononi, au kwa mwili wake wenyewe. Kuunganisha mawili kati ya hayo ndiko tunakokuita uthibitishaji wa hatua mbili. Waswahili hatukuhitaji maabara kulielewa jambo hili. Anayebisha hodi akiulizwa “nani?” na akajibu “mimi”, mlango haufunguliwi, husubiriwa sauti, jina, na pengine jina la aliyemtuma.

Biashara ya pwani iliendeshwa kwa utaratibu wa namna hiyo. Barua ya mfanyabiashara wa Unguja au Mombasa iliyopelekwa ng’ambo haikuaminiwa kwa maneno yake tu. Kulikuwa na mwandiko uliojulikana, kulikuwa na muhuri, na kulikuwa na nahodha au msafiri aliyeibeba, ambaye aliweza kuhojiwa. Barua za Kiarabu za masultani zilizomo katika Nyaraka za Zanzibar zinauonyesha muhuri ukifanya kazi ya kitu kilichomo mkononi: mwandiko waweza kuigwa, lakini pete yenye muhuri haikuwa ya kila mtu. Aliyebeba barua akawa hatua ya pili, au ya tatu. Tofauti na tulichonacho leo ni kwamba muhuri ulikuwa mali ya mwenyewe.

Ukoloni uliupindua uhusiano huo. Nchini Kenya, Sheria ya Kuandikisha Wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za ajira yake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Hapa palikuwa na mwili na kitu cha mkononi kwa pamoja, uthibitishaji kamili wa hatua mbili kwa kipimo cha leo. Ila aliyekuwa akilindwa ni mwajiri. Harry Thuku, aliyeongoza upinzani dhidi ya kipande na kodi hadi alipokamatwa Machi 1922, alikuwa ameajiriwa na serikali Nairobi kuunganisha simu. Sisemi kwamba kila kitambulisho ni kipande. Nasema kwamba ukipewa kitu cha kujithibitisha, swali la kwanza ni nani amekupa na anaweza kukunyang’anya lini.

Machi 2007 Safaricom ilipoanzisha M-Pesa, muuza samaki wa Mombasa aliingia katika ulinzi ambao maprofesa wengi wa Ulaya hawakuwa nao kwenye baruapepe zao. Kutoa fedha kwa wakala kulihitaji kadi ya simu iliyoandikishwa, namba ya siri, na kitambulisho kilichokaguliwa na kuandikwa daftarini. Watu walizoea kwa wiki chache. Wezi nao walizoea: badala ya kuiba simu, walianza kuwahadaa wahudumu wa kampuni wawahamishie namba ya mtu kwenye kadi yao. Hivyo laini ya simu, iliyobuniwa kwa mazungumzo, ikageuka ufunguo wa nyumba. Serikali zikaikaza zaidi. Tanzania ilianza tarehe 1 Mei 2019 kuandikisha laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na ukomo, baada ya kusogezwa, ukawa tarehe 20 Januari 2020.

Vyuo vikuu vilichelewa kuamka. Machi 2018 mwendesha mashtaka wa Marekani aliwashtaki Wairani 9 wa taasisi iitwayo Mabna kwa kuvamia vyuo 144 vya Marekani na 176 vya nchi nyingine 21. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, akaunti za maprofesa zaidi ya 100,000 zililengwa na takriban 8,000 zikafunguliwa. Chambo kilikuwa cha kitaaluma kabisa: barua iliyojifanya imetoka kwa profesa wa chuo kingine, akisema amesoma makala yako, ameipenda, na angependa uzitazame hizi nyingine. Kiungo kilimpeleka msomi kwenye ukurasa unaofanana na wa chuo chake, naye akaandika nywila yake kwa mkono wake mwenyewe. Nani kati yetu hafungui barua inayosifu makala yake? Dhidi ya wizi wa aina hii urefu wa nywila hausaidii kitu. Hatua ya pili husaidia, na ndiyo maana vyuo vingi sasa haviruhusu akaunti bila hiyo.

Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyeko Dubai, hapo ndipo tatizo linapoanza. Mji huu si mgeni kwetu; nyumba za kale za kando ya Khor Dubai ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizoletwa na majahazi kutoka pwani yetu. Leo wanakuja vijana, kwenye matawi ya vyuo vya Uingereza na Australia, kama vile Wollongong iliyofika mwaka 1993, Heriot-Watt na Middlesex zilizofika mwaka 2005. Wanakuja katika nchi iliyotangulia wengi katika kuutambua mwili. Mwaka 2001 Umoja wa Falme za Kiarabu ulianza kusoma duara linalozunguka mboni ya jicho la kila aliyefukuzwa nchini, ili asirudi kwa pasipoti na jina jipya. Hesabu ya kulinganisha macho ilibuniwa na John Daugman wa Cambridge. Mwaka 2012 kila laini ya simu ilitakiwa kuandikishwa upya kwa kitambulisho, chini ya kampeni iliyoitwa Namba Yangu, Utambulisho Wangu. Mwaka 2018 ikaja programu ya UAE Pass, inayomfungulia mtu huduma za serikali kwa simu yake.

Jina la kampeni ile linasema kweli kuliko lilivyokusudia. Kitambulisho hutegemea kibali cha ukaazi, laini hutegemea kitambulisho, na akaunti ya chuo, ikiwa msimbo wake huja kwa ujumbe mfupi, hutegemea laini. Kibali kikiisha, mlolongo wote hukatika. Aliyehitimu hurudi Tanga au Kampala, chuo kinaituma tarakimu sita kwenye namba ya Dubai iliyokwisha zimwa, na nyuma ya mlango huo ziko barua za msimamizi, rasimu za tasnifu na maombi ya cheti. Aliyeona mbali akaandikisha namba ya nyumbani hayuko salama pia: laini isiyotumika kwa muda mrefu kampuni huirudisha sokoni, na msimbo humfikia mtu asiyemjua. Ulinzi uliokusudiwa kumzuia mwizi unamzuia mwenye mali, na haujali kwamba yeye anaijua nywila yake kwa moyo.

Nionavyo mimi, kosa ni kuifanya namba ya simu kuwa ushahidi wa mtu. Marekani, kupitia taasisi yake ya viwango NIST, iliuweka ujumbe mfupi katika njia za kutumiwa kwa tahadhari tangu mwaka 2017. Benki za Falme za Kiarabu zenyewe zilianza Julai 2025 kuachana na misimbo ya ujumbe mfupi na baruapepe. Zipo njia zisizoijua laini kabisa. Programu inayotengeneza msimbo ndani ya simu, kwa utaratibu uliochapishwa mwaka 2011, huhitaji saa sahihi na siri iliyohifadhiwa mara moja. Hufanya kazi ndegeni, kijijini, bila kadi yoyote. Ufunguo wa kielektroniki wa kuchomeka, ambao viwango vyake vya tovuti vilikamilika mwaka 2019, unakwenda mbali zaidi: haukubali kufungua ukurasa wa bandia hata kama mwenyewe amedanganyika, kwa sababu huikagua anwani kabla ya kujibu. Barua za Mabna zingegonga mwamba hapo. Kubofya tu “ndiyo, ni mimi” kwenye simu ni dhaifu kuliko kunavyoonekana. Septemba 2022 mvamizi aliingia Uber kwa kumtumia mfanyakazi maombi mfululizo hadi alipochoka akakubali.

Ufunguo wa kuchomeka hununuliwa mara moja na haumwulizi mtu kibali cha ukaazi. Unakaribia muhuri wa mfanyabiashara wa Unguja kuliko kijaluba cha Nairobi. Vyuo vingi pia humruhusu mtumiaji kuchapisha misimbo michache ya akiba, kila mmoja wa kutumika mara moja. Wachache huichapisha. Mwanafunzi anayefunga mizigo Dubai angefanya vyema kuichapisha wiki ile laini yake ingali hai, akaiweka karatasi hiyo kwenye bahasha ya cheti cha kuzaliwa.