Motokaa za Vita na Mabega ya Watu

Motokaa huundwa kiwandani mara moja, lakini huundwa upya kila siku mikononi mwa wenye kuitunza. Jambo hili lilidhihirika Usambara na katika nchi yote ya Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Vita vilipozuka mwaka 1914, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, koloni la Wadachi lilitegemea Ulaya kwa matairi, petroli na vyuma. Manowari za Waingereza zikaifunga bahari. Meli mbili tu za shehena zilipenya kutoka Ulaya, moja mwaka 1915 na nyingine mwaka 1916. Mkosa titi la mama hata la mbwa huamwa. Mpira wa mashambani ulitiwa salfa ukawa matairi ya motokaa na baiskeli. Morogoro kulitengenezwa mafuta mfano wa petroli, yakaitwa trebol. Nako Amani, Usambara ya Mashariki, taasisi ya kilimo iliyoanzishwa mwaka 1902 iligeuka karakana: katika miezi 18 ya kwanza ya vita ilitoa aina 5 za vitu vya mpira na aina 12 za dawa, pamoja na sabuni na mishumaa.

Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Wadachi, aliyataja matairi hayo na mafuta hayo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920. Habari hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya kweli. Ni nani aliyegema utomvu wa mpira? Ni nani aliyechanja kuni na kuchochea moto? Hao hawakuandikwa majina.

Tena motokaa zenyewe zilikuwa chache, na mbung'o waliua ng'ombe na punda. Mzigo uliobaki walitwikwa watu. Wapagazi wa pande zote mbili walikuwa mamia ya maelfu. Makumi ya maelfu kati yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Basi, msomaji astaajabiapo werevu wa kufanya tairi bila kiwanda, yampasa kuuliza pia habari za njia ambazo tairi hilo halikufika. Huko mzigo ulikwenda kwa miguu ya watu, na wengi wao hawakurudi kwao.