Mgeni na Utepe wa Kupimia: Michezo ya Nguvu Mbele ya Wageni, kutoka Rusubi hadi Nyanza

Nchi ambayo leo imegawanywa katika wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera, ilikuwa kabla ya ukoloni mlango wa kuingilia falme za Maziwa Makuu kwa kila aliyetoka Unyamwezi na pwani. Upande wa mashariki ilikuwepo Rusubi, nchi ya Wasubi, ambayo wafanyabiashara wa misafara waliiita Usui na ambayo watawala wake walijihesabu katika ukoo wa Wahinda kama jirani zao wa Karagwe na Ihangiro. Upande wa magharibi ilikuwepo Bushubi ya Washubi, na pamoja nayo Bugufi ya Wahangaza, iliyokuwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Mgeni aliyepita humo hakuwa akivuka ardhi tupu bali alikuwa akiingia katika himaya zenye adabu zake, ambamo kuonyeshwa jambo lolote, liwe ngoma, ng'ombe wa mfalme au vijana waliofunzwa kuruka na kurusha mkuki, kulikuwa tendo la utawala lililopimwa kwa uangalifu na mwenyeji. Hoja ya makala haya ni kwamba wageni wengi wa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walitazama maonyesho hayo kwa jicho la kupima miili, wakapitwa na maana yake, na kwamba kosa hilo halikuwa la nchi hizi peke yake, kwa kuwa lilitendeka vilevile huko Japani mbele ya wanamieleka wa sumo.

Mfano wa kwanza ni wa mgeni ambaye hakuonyeshwa kitu. Mwishoni mwa 1861 John Hanning Speke na James Grant, Waingereza waliokuwa wakitafuta chanzo cha Mto Naili, waliingia Rusubi wakati wa utawala wa Suwarora wakiwa na msafara wa wapagazi na askari wa pwani, na mtu wao wa kutegemewa akiwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyezungumza na Speke kwa Kihindustani. Hapo walikutana na desturi ya hongo, yaani ushuru wa vitambaa, nyaya za shaba na shanga ambao mtawala aliudai kwa kila msafara kabla ya kuuruhusu kupita. Kwa Speke hongo ilikuwa unyang'anyi, na kurasa zake kuhusu Usui zimejaa manung'uniko juu ya maofisa waliokuja mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na dai lake. Lakini kwa upande wa Rusubi, nchi iliyokaa juu ya njia kuu ya biashara, hongo ndiyo iliyokuwa hazina ya dola na alama ya kwamba njia ina mwenyewe. Speke alilipa, akangoja, akaondoka bila kumwona Suwarora kwa macho yake. Ni vigumu kuliona jambo hilo kuwa ukali mtupu wa mwenyeji, kwa sababu katika falme hizi mwili wa mfalme haukuwa kitu cha kutazamwa na kila mpita njia, na kukataliwa kuonana naye kulimweleza mgeni cheo chake kwa lugha iliyo wazi kuliko salamu.

Hali ilibadilika Speke alipovuka kwenda Karagwe, kaskazini mwa Rusubi, ambako mfalme Rumanika alimpokea kwa ukarimu. Kwenye ikulu ya Rumanika wanawake wa ukoo wa kifalme walilishwa maziwa kwa wingi hadi wakanenepa mno, kwa maana unene huo ulikuwa heshima ya nyumba yenye ng'ombe wengi na isiyohitaji mikono ya wake zake kwa kazi. Speke aliyatazama hayo kama maajabu. Akatoa utepe, akampima shemeji mmoja wa Rumanika, na kuchapisha vipimo katika kitabu chake: mzunguko wa mkono futi 1 na inchi 11, yaani kama sentimita 58, kifua futi 4 na inchi 4, kama sentimita 132. Katika simulizi hiyo hiyo ipo habari ambayo wasomaji wake wa London huenda waliipita haraka, nayo ni kwamba mwanamke huyo alikubali kupimwa kwa sharti kwamba Speke naye akunje nguo na kuonyesha miguu na mikono yake. Huu haukuwa mzaha. Mwenyeji alikuwa akidai usawa wa kutazamana, na kwa kuwa mgeni alikuwa ameufanya mwili wake kuwa kitu cha kuchunguzwa, naye akaufanya wa mgeni kuwa hivyo hivyo.

Miaka saba kabla ya hapo, upande wa pili wa dunia, jambo la namna hiyo lilikuwa limekwisha kutokea. Machi 1854, Commodore Matthew Perry wa jeshi la majini la Marekani alikuwa Yokohama akiishinikiza Japani kufungua bandari zake, na maofisa wa Japani, baada ya kubadilishana zawadi, wakawaleta wanamieleka wa sumo mbele ya Wamarekani. Wanaume hao wakubwa walibeba marobota ya mchele yaliyokuwa zawadi kwa meli, kila mmoja akichukua mzigo ambao mabaharia waliokuwapo waliustaajabia, kisha wakapambana. Mmoja wao, Koyanagi, aliletwa karibu na Perry ili aguswe shingo na mkono, mgeni ajionee mwenyewe uimara wa nyama ile. Katika taarifa rasmi ya msafara wanamieleka wanalinganishwa na mafahali, na pambano lao linaelezwa kuwa la kinyama, likiwekwa kando ya garimoshi dogo na mtambo wa telegrafu ambavyo Wamarekani walikuwa wamevileta kuonyesha ustaarabu wao. Wajapani walikuwa wakisema, bila maneno, kwamba nchi iliyolazimishwa kwa mizinga bado ina nguvu zake. Mgeni aliandika uzito na ukubwa, akadhani amemaliza.

Sumo yenyewe, kwa jinsi ilivyopangwa, humnyima shabaha mtu wa namna hiyo. Uwanja wake, uitwao dohyo, ni jukwaa la udongo uliofinyangwa lenye duara la kipenyo cha mita 4.55, na juu yake huning'inia paa la mtindo wa mahekalu ya Kishinto, dini ya asili ya Wajapani. Anayegusa ardhi kwa sehemu yoyote ya mwili isipokuwa nyayo, au anayesukumwa nje ya duara, ameshindwa. Pambano huweza kwisha kwa sekunde chache, lakini kabla yake wanamieleka wa daraja la juu hurusha chumvi ya kutakasa uwanja, huchuchumaa wakitazamana, huinuka, hurudi pembeni, na huweza kuchukua hadi dakika 4 kabla ya kugongana. Tangu 1958 mashindano makuu hufanyika mara 6 kwa mwaka, matatu kati yake Tokyo na mengine Osaka, Nagoya na Fukuoka, kila moja kwa siku 15. Mgeni anayekwenda kuhesabu sekunde za mapambano ataona siku nzima imepita pasipo kitu, ilhali Mjapani aliyeketi juu ya mto sakafuni anasoma cheo, nasaba ya chuo cha mafunzo na tabia ya mtu katika namna anavyonyanyua mguu. Rais wa Marekani Donald Trump alipohudhuria Mei 2019 aliwekewa kiti karibu na uwanja mahali ambapo kwa kawaida watu huketi juu ya mito, akapanda dohyo kwa kandambili za ndani na kumkabidhi kikombe mshindi, Asanoyama. Heshima aliyopewa ilikuwa kubwa, lakini hata yeye hakuruhusiwa kukanyaga udongo ule kwa viatu vya barabarani.

Upo pia mgeni wa aina nyingine, aliyeacha kutazama akaingia. Jesse Kuhaulua wa Hawaii, aliyepigana kwa jina la Takamiyama, alinyakua ubingwa wa daraja la juu huko Nagoya mwaka 1972, akiwa mgeni wa kwanza kufanya hivyo. Akebono, naye wa Hawaii, akawa mgeni wa kwanza kufikia cheo cha yokozuna, yaani bingwa mkuu, mwaka 1993. Na mwaka 2013 Mmisri Osunaarashi alikuwa Mwafrika wa kwanza kupanda daraja la juu. Hao walifunga nywele kwa mtindo wa wenyeji, wakajifunza lugha, wakawatumikia wakubwa wao chuoni kabla ya kutumikiwa. Hakuna mgeni wa Kizungu aliyefanya hivyo katika ikulu za Maziwa Makuu, na pengo hilo linaeleza mengi kuhusu namna habari zake zilivyoandikwa.

Katika Bugufi mipaka ya nani aingie na nani atazame ilifuata ngoma za kifalme za Burundi, ambazo zilipigwa na koo maalumu na zilikuwa alama ya enzi ya mwami, yaani mfalme, kabla hazijawa burudani ya jukwaani. Mkataba wa Milner na Orts wa 1919, ambao kwa njia yake Uingereza na Ubelgiji ziligawana Afrika Mashariki ya Kijerumani, uliwaachia Wabelgiji Rwanda na Urundi, lakini Bugufi ikabaki Tanganyika, na kwa njia hiyo Wahangaza, ambao lugha yao inasikilizana sana na Kirundi, wakatengwa na ikulu waliyokuwa wakiitumikia. Matokeo ya mstari huo yanaonekana hata leo katika sheria. Oktoba 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri ya kuwakataza wanawake kupiga ngoma hizo, ngoma ambazo UNESCO ilikuwa imeziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu. Amri hiyo inaishia mpakani, na upande wa Ngara haina nguvu. Dohyo nayo ina katazo lake kwa wanawake, ambalo lilizua ghadhabu Aprili 2018 huko Maizuru, pale wanawake waliopanda kumwokoa meya aliyeanguka walipotangaziwa washuke, na chama cha sumo kikalazimika kuomba radhi. Ni haki kuheshimu adabu za uwanja, na ni haki vilevile kusema kwamba adabu inayomzuia mganga kumfikia mgonjwa imepoteza sababu yake.

Tukio lililozifanya nchi hizi zijulikane zaidi kwa michezo ya nguvu lilitokea ng'ambo ya Mto Kagera. Mei 1894 Count Gustav Adolf von Götzen alivuka mto huo karibu na maporomoko ya Rusumo, ambayo leo yako mpakani mwa Ngara na Rwanda, akafika kwa Mwami Kigeli Rwabugiri wa Rwanda. Miaka 13 baadaye, mwaka 1907, alifuata Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg akiongoza msafara wa kisayansi ulioanzia Bukoba. Huko Nyanza, kwenye ikulu ya Rwanda, mbele ya Mwami Yuhi Musinga, waliandaliwa maonyesho ya kulenga kwa upinde, kurusha mikuki na kuruka juu. Kuruka huko, kuitwako gusimbuka, kulikuwa sehemu ya malezi ya intore, vijana waliochaguliwa kuishi ikulu na kufunzwa kucheza ngoma, kusema kwa ufasaha na kustahimili vita. Kamba iliyoweza kupandishwa ilifungwa kati ya miti miwili myembamba, na mrukaji alikimbia, akakanyaga kichuguu kidogo cha kimo cha kama futi 1, akapaa. Mecklenburg aliandika kwamba aliyeruka vizuri kuliko wote alivuka mita 2.50, na picha iliyosambaa Ulaya inaonyesha kijana akipita juu ya vichwa vya mwanamfalme huyo wa Kijerumani na msaidizi wake, waliosimama chini ya kamba kama vipimo vya kulinganishia.

Ulaya ilikiona kipimo tu. Rekodi iliyojulikana wakati huo ilikuwa mita 1.97 ya Mmarekani Michael Sweeney, ya mwaka 1895, na watu wakaanza kusema kwamba Watutsi wangeweza kuitawala Olimpiki, pasipo kujali kile kichuguu, wala kwamba katika gusimbuka aliyeruka hakuwa akishindania nambari ya kuandikwa bali jicho la mwami aliyekuwa akimlea. Musinga alikuwa na miaka 11 tu tangu ashike enzi baada ya mapinduzi ya ikulu ya 1896, akihitaji ulinzi wa Wajerumani dhidi ya wapinzani wake wa ndani; kwa hiyo kuwapanga vijana wake waruke juu ya kichwa cha mwanamfalme wa Kizungu, kwa idhini yake mwenyewe, kulikuwa kauli nzito ya kisiasa kuliko rekodi yoyote. Aidha, picha ile ilitumika kuthibitisha nadharia kwamba Watutsi ni mbari tofauti ya watu, bora na ngeni, nadharia ambayo utawala wa Kijerumani na baadaye wa Kibelgiji uliijenga katika vyeo, shule na vitambulisho, na ambayo matunda yake yalivuka Rusumo kuingia Ngara kwa namna ya wakimbizi, kwanza wale wa baada ya machafuko ya Rwanda ya 1959 waliopokelewa katika makazi ya Muyenzi, kisha robo milioni waliovuka kwa muda wa siku moja hivi mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari.

Katika msafara wa Mecklenburg alikuwamo Jan Czekanowski, Mpolandi, mtaalamu wa anthropolojia ya miili, ambaye kazi yake ilikuwa ile ile ya Speke huko Karagwe, lakini sasa kwa vyombo vya chuma, majedwali na maelfu ya watu. Wakati wenzake wakitazama michezo, yeye alipima vichwa vya walio hai na kukusanya mafuvu ya waliokufa, yakapelekwa Berlin. Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia, iliyoyarithi mafuvu hayo pamoja na mengine kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, ilianza mwaka 2017 kuchunguza asili ya zaidi ya 1,000 kati yake pamoja na watafiti wa Rwanda, na matokeo yalitolewa mwaka 2023: zaidi ya 900 ni ya Rwanda, na kama 200 ni ya Tanzania.